Msomaji anachoka katikati ya hadithi, ufanyeje

Mkuu, umesema hadithi yako ya mke anayepekua simu ya mumewe watu wanaiacha katikati, na mchepuko umeuficha mpaka mwisho ili iwe sapraizi. Shida iko hapo hapo. Hitchcock, yule dairekta wa Uingereza, alimwambia dairekta mwenzake wa Ufaransa, Truffaut, mwaka 1962 kwamba bomu likilipuka ghafla chini ya meza watazamaji wanashtuka sekunde 15 basi, ila wakijua mapema lipo na litalipuka saa saba mchana, huku walioko mezani wanapiga stori tu, unawaweka roho juu dakika 15 nzima. Kwa hiyo we mwaga siri mapema, msomaji ajue kuna meseji za nani humo hata kabla mke hajaigusa simu.

Halafu mbane huyo mke na muda. Mume yuko bafuni, maji yanamwagika, simu iko kitandani, mke anakosea paswedi mara ya kwanza, ya pili, tarehe ya kuzaliwa mtoto ndo inakubali, anaskrol weee, mara maji yakakatika. Hapo usiandike "aliogopa sana", andika mume anauliza taulo liko wapi na mke inabidi ajibu kwa sauti ya kawaida.

Kuna ule ushauri wa kukatakata sentensi fupi fupi kila mstari ili kuongeza presha, mi siuafiki, unachosha haraka. Na ile aya ya harusi yao uliyoiweka katikati ya tukio la simu itoe pale, inakata stimu, ipeleke mwanzoni.