Nikichagua umeme, ndo basi chuo kikuu?

SWALI: Shikamoo dada. Niko sekondari, tunatakiwa tuchague mchepuo na mi roho yangu iko kwenye umeme, redio ikigoma nyumbani ndo naifungua mimi. Sa mzee anasema ufundi ni wa waliofeli na nikienda huko chuo kikuu nisahau. Ni kweli? Halafu hesabu sizipendi kivile, ndo maana pia naona ufundi utanifaa.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na hapo mwisho manake ndo pamenishtua, nani kakwambia fundi umeme anakwepa hesabu? Chukua hita ya wati 2000 kwenye umeme wa volti 230, gawanya, unapata kama ampea 8.7, na hiyo namba ndo inakwambia uvute waya wa unene gani na uweke fyuzi gani, ukikadiria kwa macho waya unachemka ndani ya ukuta na hakuna anayejua mpaka harufu ianze. Sa kama unakimbia hesabu, hapo umezifuata kwao.

Kuhusu mzee, usibishane naye mambo ya "waliofeli", hutashinda. Chuo kikuu kinategemea cheti utakachotoka nacho. Zipo njia unaanza na cheti unapanda diploma mpaka digrii ya uhandisi, na ipo ambayo inakatikia hapohapo kwa sababu cheti hakitambuliki mbele au fizikia uliiacha njiani. Kwa hiyo kabla hujajaza fomu uliza cheti kinatolewa na nani, na waliomaliza juzi juzi wako wapi saa hizi. Wakianza kujiumauma ujue kuna kitu.

Na karakana ingia mwenyewe uione. Mi kuna moja niliitembelea, mita ya kupimia umeme 1, wanafunzi wamepanga mstari kama wanasubiri chanjo, kila mmoja anaishika nusu dakika anampa wa nyuma. Hapo umeme unasomwa ubaoni tu jamani.

Ulizia na mafunzo kazini. Ujerumani mwanagenzi anakaa kampuni siku 3 au 4 kwa wiki, zilizobaki yuko darasani, na analipwa, inaenda hivyo miaka 2 mpaka 3 na nusu. Kwenu hata zikiwa wiki chache si haba, ila ziwe za kushika kazi, sio kutumwa chai.

Siku ya kwenda kuangalia karakana mwombe mzee akusindikize, na hayo maswali mwachie aulize yeye.