Mlio Bila Maneno Hautoshi

Hospitali na benki nyingi mjini siku hizi zina mashine za foleni. Unachukua karatasi yenye namba, unakaa, kisha unasikia "ting!" na namba inatokea kwenye skrini ukutani. Mimi sioni. Ule mlio unaniambia kuna mtu ameitwa, lakini ni nani, na aende dirisha lipi, hauniambii. Penye mashine inayotamka "tiketi namba arobaini na tano, dirisha namba nne", nainuka na kwenda mwenyewe. Mahali pamoja niliambiwa sauti ipo ila wameizima kwa sababu ya kelele. Naomba wahusika waiwashe.

Mke wangu ni kiziwi. Yeye skrini inamtosha. Anakopitwa ni kule ambako nesi anachungulia mlangoni, anaita jina mara mbili kisha anaita mgonjwa anayefuata. Tukienda pamoja mimi namsikilizia jina, yeye ananiangalizia namba. Lakini mtu mzima ana mambo anayotaka kumweleza daktari bila mwenzake kuwepo. Kwa hiyo mimi nashikilia jambo moja: kila ishara ipite njia mbili, isikike na ionekane. King'ora cha moto kiwe na taa inayowaka na kuzima. Jina likiitwa, liandikwe pia.

Kwako mwenye ulemavu: ukifika mapokezi usiseme tu "nisaidie". Taja unachohitaji. "Sioni, zamu yangu ikifika niite kwa jina." Kiziwi aoneshe ujumbe alioandika tayari kwenye simu, na aombe kadi yake iwekwe alama ili nesi wa zamu inayofuata naye ajue. Wakikataa, mwandikie mganga mfawidhi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 9 kinazungumzia ufikivu wa habari na mawasiliano. Sheria yetu wenyewe, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, ikafuata mwaka 2010. Vitaje kwenye barua. Si hisani unayoomba.

Nyumbani, simu ndiyo mkalimani wetu. Mke wangu anaandika, simu inanisomea. Mimi nazungumza, yenyewe inaandika Kiswahili changu, ingawa majina ya watu huyavuruga. Kwenye kutuma pesa kwa namba za nyota, menyu hukatika kabla sauti haijamaliza kusoma, basi ongeza kasi ya usomaji kabla hujapiga. Na vaa spika ya sikio upande mmoja tu, simu isije ikawatangazia watu namba yako ya siri, sikio la pili libaki na mazingira.

Barabarani kuna jipya linalonitia hofu: pikipiki na bajaji za umeme. Zamani injini ilinijulisha mapema. Umoja wa Ulaya umelazimisha tangu Julai 2021 kila gari jipya la umeme litoe sauti likiwa kwenye mwendo mdogo, hadi kilomita 20 kwa saa. Huku kwetu, dereva, ukiona fimbo nyeupe piga honi fupi ukiwa bado mbali, kisha punguza mwendo. Honi ndefu ya karibu inafunika sauti za vyombo vingine vyote, nami nazihitaji zote ili nivuke.