Kuchemsha reishi kavu, na suala la dawa za presha

Kwa aliyeuliza kama vipande vya reishi, yaani lingzhi ya Wachina, vinatosha kumiminiwa maji moto kama majani ya chai: havitoshi. Uyoga huu ni mgumu kama ubao, dakika tano hazitoi kitu. Kitabu rasmi cha dawa cha China kinataja gramu 6 hadi 12 kwa siku. Anza na 6. Loweka nusu saa katika lita moja ya maji, kwenye chungu au sufuria ya stili, chemsha, kisha punguza moto uache vitokote polepole karibu saa mbili, mpaka yabaki maji nusu. Chuja, unywe nusu asubuhi na nusu jioni. Vipande vilevile huchemshwa mara ya pili.

Reishi nyekundu lazima iwe chungu. Uchungu ule ni triterpeni, kemikali za asili za uyoga huu. Ukiukosa kabisa, una sababu ya kutilia shaka ulichouziwa. Kipande kinachobonyea kimeshanyonya unyevu, na chenye ukungu kitupe, usikikwangue.

Dawa za presha usiziache, tafadhali sana. Reishi inaweza kuongeza nguvu ya dawa hizo, hivyo mwambie daktari na upime presha mara kwa mara. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asiiguse reishi, maana damu inaweza kukataa kuganda. Acha reishi wiki mbili kabla ya upasuaji. Ukiona macho ya njano au mkojo mweusi, acha mara moja ukapime ini: madhara hayo yameripotiwa hasa kwa unga wa reishi.