Barua ya sultani wa Kimalei: mbona mhuri uko pembeni?

Swali: Nimezoea kusoma barua za zamani za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Juzi nimeona picha ya barua ya sultani wa Kimalei: haina sahihi, mhuri umepigwa pembeni juu, na karibu karatasi nzima ni sifa. Habari yenyewe iko wapi?

Jibu: Sifa hizo ni sehemu ya habari, usiziruke. Itazame barua ya Sultani Iskandar Muda wa Aceh, ufalme wa kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra, kwa Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza, ya mwaka 1615, iliyohifadhiwa Oxford. Urefu wake unakaribia mita moja, imenakshiwa kwa dhahabu, na sultani anajitapa mstari baada ya mstari: tembo wake, dhahabu yake, nchi zilizo chini yake. Ndipo anapotoa jibu: Waingereza hawana ruhusa ya kufanya biashara Tiku na Pariaman, bandari za pwani ya magharibi ya Sumatra. Kwa maoni yangu, majigambo yale yote yanaandaa njia ya kukataa.

Katika barua nyingi sifa huishia kwenye "wabakdahu", yaani "na baada ya hayo", ndugu wa "wa baada" unayoijua kwenye barua zetu. Shughuli huanzia hapo. Mwishoni hutajwa zawadi, kwa maneno ya kujishusha.

Mhuri ndio sahihi yenyewe. Ulikuwa wa fedha au shaba, ukifukizwa juu ya mwali wa moto mpaka ushike masizi, ndipo ukapigwa kwenye karatasi. Mahali pake hueleza cheo: kadiri ulivyo juu, ndivyo mtumaji anavyojiweka juu ya anayeandikiwa. Lakini usiamue kwa mhuri peke yake. Tazama salamu: wafalme walio sawa hupelekeana "salam", aliye chini hutoa "sembah", heshima ya mtumishi kwa bwana wake.

Jambo hili lilimwaga damu. Sejarah Melayu, kitabu cha kale cha masimulizi ya wafalme wa Kimalei, inasimulia kuwa Raja Pahlawan, mjumbe wa ufalme wa Haru, alipeleka barua kwenye ufalme wa Pasai; zote mbili zilikuwa Sumatra. Iliandikwa salam, msomaji wa baraza akaisoma sembah. Mjumbe akalalamika kwamba kilichoandikwa ni kingine na kinachosomwa ni kingine. Hawakumsikiliza. Akashika silaha palepale barazani, akauawa, na Haru ikaingia vitani na Pasai.

Kwa hiyo unapoinakili barua yako, anza na neno la salamu, salam au sembah, na liandike lilivyo hata kama mhuri unakuelekeza kwingine.