Kabla ya Kupandisha Watu Angani Kutoka Manda, Piga Hesabu

Kijana mmoja wa Lamu ameniletea sura mbili za kwanza za riwaya yake ya kisayansi. Kamba imefungwa kisiwani Manda, ncha ya pili iko angani, na abiria wanapanda lifti hadi kituo cha juu kwa muda wa saa moja. Anauliza mbona kila anayeisoma anasema haimwingii akilini, ilhali Arthur C. Clarke, mwandishi Mwingereza wa riwaya za kisayansi, aliandika lifti kama hiyo na dunia ikamvulia kofia.

Kiswahili chako hakina ila, bwana mdogo. Kasoro ni hiyo saa moja. Clarke alikuwa akipiga hesabu kwanza, ndipo aandike.

Alizaliwa Minehead, Uingereza, mwaka 1917. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa jeshi la anga, upande wa rada. Mwaka 1945, hata shahada hajaipata, aliandika makala kueleza kwamba setilaiti 3 zikipangwa juu ya ikweta kwa kimo cha karibu km 36,000 zitazunguka sawasawa na dunia, kila moja ionekane imesimama mahali pamoja, na matangazo yatafika karibu kila pembe. Akalipwa pauni 15. Mwaka 1956 akahamia Sri Lanka, mapenzi ya kupiga mbizi yamemvuta, na huko ndiko alikofia mwaka 2008. Habari za tuzo na filamu mtazipata kokote, sitawachosha.

Tuingie kwenye kamba. Riwaya yake ya lifti ni The Fountains of Paradise, ya mwaka 1979. Kamba ya namna hii hushushwa kutoka kwenye setilaiti kama hizo, iliyo juu ya ikweta, na Sri Lanka haiko kwenye ikweta. Basi Clarke akakisogeza kisiwa km 800 kusini, akakiita Taprobane, na akamwambia msomaji waziwazi kwamba amekisogeza. Uongo ni huo mmoja, na umetangazwa. Wewe hata huo huuhitaji sana: Lamu iko nyuzi 2 na ushei tu kusini mwa ikweta, yaani kama km 250. Kamba haitasimama wima kabisa, itainamia kaskazini kidogo. Liandike hilo kwa sentensi moja, uendelee.

Sasa saa yako. Kituo kiko kwenye kimo cha setilaiti hizo, km 35,786 juu. Ili lifti ifike kwa saa moja na isimame, lazima iongeze kasi nusu saa nzima, kisha ipunguze nusu saa nzima. Chukua umbali kwa mita, zidisha kwa 4, gawa kwa sekunde 3,600 zilizozidishwa kwa zenyewe. Utapata kama 11, yaani kila sekunde kasi inaongezeka mita 11 kwa sekunde, na mvutano wa dunia ni 9.8. Maana yake, wakati wa kuondoka kila abiria anaelemewa na uzito zaidi ya mara mbili ya wake, na ikifika nusu ya safari wote wanabandikwa darini. Bi mkubwa wako anayekunywa kahawa kwa utulivu ukurasa wa 6 angekuwa hoi, na kahawa iko kwenye feni.

Ipe lifti kasi ya km 200 kwa saa. Safari inakuwa siku 7 na nusu, na hapo ndipo riwaya inapoanza. Watu watapika, watagombana, watauliza nani kalala kitandani pa nani. Siku ya tatu ikitimia wako km 14,400 juu, na uzito umeshuka hadi kama sehemu moja ya 12: gunia la mchele la kilo 50 mtoto analinyanyua kama kilo 4. Kahawa ikimiminwa kutoka kwenye dele inachukua muda zaidi ya mara tatu kufika kikombeni. Hayo hukuyabuni, umeyapata kwenye hesabu.

Kosa lingine liko sura ya pili, ambako setilaiti "ilikaa kimya juu ya Lamu miaka 20" kabla ya kamba kushushwa. Haitakaa. Dunia si duara kamili, na setilaiti iliyo juu ya longitudo yetu, nyuzi 41 mashariki, ikiachwa bila kusahihishwa huvutwa taratibu kuelekea nyuzi 75. Ipe injini na mafuta, au mpe mhandisi kazi ya kuirudisha.

Ukitaka chombo cha angani kinachojizungusha ili waliomo wahisi uzito, jipime na riwaya nyingine ya Clarke, Rendezvous with Rama ya mwaka 1973. Chombo chake ni silinda; kwa ndani ina kipenyo cha km 16 na huzunguka mara moja kwa dakika 4. Gawa 6.28 kwa 240, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha kwa mita 8,000: unapata 5.5, zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa duniani. Wengi huiga wakapunguza kipenyo wakaacha dakika zilezile. Nusu kipenyo kikiwa mita 100, lazima chombo kizunguke kila sekunde 27 kutoa uzito huohuo, na mtu akigeuza kichwa ghafla huenda akashikwa na kizunguzungu.

Na nyinyi wa Malindi, acheni kuwarushia wahusika wenu roketi kutoka Florida. Ngomeni ipo. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini, Waitaliano walirusha roketi tangu 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970 ilipaa kutoka hapo setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei ya angani, ikaitwa Uhuru kwa sababu ya siku yenyewe, siku ya uhuru wa Kenya. Palichaguliwa kwa sababu mbili: mashariki ni bahari tupu, vipande vya roketi vikianguka havimwangukii mtu, na karibu na ikweta dunia inakusukuma bure mita 465 kwa sekunde, wakati Florida inatoa kama 410. Mnaipita kwa mashua, halafu mnaniandikia kwamba Pwani haina mandhari ya riwaya za kisayansi!

Basi, wa Lamu, ifute saa moja, anza na siku ya tatu, na karatasi ya hesabu uniletee pamoja na sura.