Kile "kitarumbeta" cha mkunga kinasikika kweli?

Ndugu, umeuliza kama kile kidude anachoweka mkunga tumboni mwa mjamzito kusikiliza moyo wa mtoto kwenye Call the Midwife, tamthilia ya Uingereza, kinafanya kazi au ni mapambo ya tamthilia. Kinafanya kazi vizuri tu. Ni kipembe cha Pinard, kimepewa jina la daktari Mfaransa Adolphe Pinard wa karne ya 19. Ni cha mbao au alumini, hakina betri wala waya, ndiyo maana kilimfaa mkunga wa Poplar, mtaa wa London, mwaka 1957 anayezunguka nyumba kwa nyumba na baiskeli.

Kwanza mkunga anapapasa tumbo atafute mgongo wa mtoto, maana mapigo ya moyo husikika vizuri zaidi upande huo. Kichwa kikiwa chini, atategea chini ya kitovu, kushoto au kulia. Mdomo mpana unakaa tumboni, sikio linabana upande wa pili, kisha mkono UNAACHIA. Ukiendelea kukishika, utasikia mikwaruzo ya vidole vyako. Mlio wenyewe ni hafifu, kama saa ya mshale iliyofunikwa na mto.

Wengi hukosea hapa: wanahesabu mapigo ya mama wakidhani ni ya mtoto. Kwa hiyo shika mshipa wa mkono wa mama wakati huohuo. Mapigo hayo mawili yakienda pamoja, sogeza kipembe. Hesabu dakika nzima. Mapigo ya mtoto kwa kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika.

Na usidhani ni mambo ya kale, kliniki nyingi za Tanzania na Kenya bado wanakitumia.