Uandike Alivyosema: kwa mnaoanza kuwasaidia waomba hifadhi Nakuru

Ndugu zangu mliojiunga nasi mwaka huu, kazi mtakayoifanya zaidi ni kukaa na mtu aliyekimbia kwao na kuandika maelezo yake, ili wakili wa kujitolea ayafanyie kazi. Nawaomba jambo moja: mwandike alivyosema mwenyewe, kwa maana aliyoikusudia. Msimpangie, wala msimrembeshee.

Nilijifunza hilo kwa hasara ya mtu mwingine. Alikuwa kijana wa Burundi, mzaliwa wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako watu huzungumza Kiswahili mchana kutwa, kwa hiyo hatukuhitaji mkalimani. Alikuwa ameandamana mwaka 2015 kupinga muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, kisha Imbonerakure, vijana wa chama tawala, wakamfuata nyumbani. "Walibisha saa nane usiku," akaniambia. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Nikaandika nane kama nilivyoisikia, nikasahau kwamba kwa saa za Kizungu hiyo ni mbili. Siku ya mahojiano akaeleza kuwa ulikuwa usiku wa manane na mtaa mzima umelala. Karatasi ilisema wakati ambao watu bado wanakula. Aliulizwa mara tatu walibisha saa ngapi. Wakili aliandika barua ya kusahihisha, nami nikatia sahihi kwamba kosa ni langu. Lakini sijasahau uso wa kijana yule alipotoka mle chumbani, maana alikuwa ameanza kuitilia shaka kumbukumbu yake mwenyewe.

Tangu siku hiyo kila saa naiuliza mara mbili: giza lilikuwa limeingia? Jogoo walikuwa wamewika? Kwa Mwethiopia angalieni na mwaka pia. Kalenda yao ina miezi 13, mwaka mpya wao huanza Septemba, na hesabu yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Andikeni tarehe aliyoitaja yeye, kisha kando yake ile ya kwetu.

Kuna na neno baba. Mzee mmoja wa Kivu ya Kusini alisema baba yake aliuawa shambani, na kurasa mbili mbele akasema baba yake ndiye aliyemvusha ziwa. Msaidizi mwenzangu alitaka kufuta moja ili maelezo "yakae sawa". Tukamuuliza mzee. "Mwalimu, aliyenivusha ni mdogo wake. Naye ni baba." Sisi sote tunawaita baba wadogo baba, ila tukishika kalamu tunasahau. Mngefuta, mngemwua mmoja wa baba zake mara ya pili.

Upande wa sheria, someni Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyochukua nafasi ya ile ya 2006. Anayefika anatakiwa kujitokeza kwa maafisa ndani ya siku 30. Aliyechelewa aeleze kwa nini alichelewa, asifiche. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 hautazami maumivu peke yake, unauliza sababu: rangi, dini, uraia, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Kwa hiyo anaposema "walinipiga", swali linalofuata ni walikuwa wakisema nini walipokuwa wakimpiga.

Kesi za dini zina ugumu wake, kwa sababu mtu huona ibada yake ni jambo la kawaida lisilohitaji maelezo. Nchini Eritrea, tangu 2002 serikali inaruhusu Waothodoksi, Wakatoliki, Walutheri na Waislamu wa Sunni tu. Mama mmoja Mpentekoste wa huko alituambia kwa kifupi, "Tulikuwa tunasali tu nyumbani." Mkalimani akamuuliza waliimbaje. Mama akaweka kiganja mdomoni, akaimba ubeti mzima ndani ya kiganja, na sisi tuliokaa hatua mbili kutoka kwake tukasikia pumzi tu. Hilo tuliliandika lilivyo. Lilieleza hofu yake kuliko aya zote tulizokuwa tumekwisha kuandika.

Siri za watu msizitoe hata kwenye matatu ya kurudi Kaptembwo. Kabla ya kuleta mkalimani wa nchi yake, mwulizeni mwenyewe kama anamtaka. Na mwambieni mapema kwamba kuomba hifadhi hakulipiwi: Kituo cha Sheria na Refugee Consortium of Kenya huwasaidia wakimbizi kisheria bure, na anayemdai pesa ili faili "isogee" ni tapeli.

Wengine watawauliza kwa nini mnahangaika na wageni. Mimi huwakumbusha Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Show Ground ya hapa hapa ilipojaa mahema, na Wakenya wenzetu waliovuka Busia na Malaba wakapokelewa Uganda.

Mkimaliza, msomeeni maelezo yote kwa lugha yake kabla hajatia sahihi, polepole, hata kama jua linazama. Akisema "hapo sivyo", kateni kwa mstari mmoja, andikeni upya, atie sahihi pembeni. Nakala moja aondoke nayo.